Injini ya Boti Iliyoletwa Kyumbi

Vijana wangu, mnaponikuta nimekaa mbele ya duka la shemeji yangu pale Kyumbi nikiota jua, huwa mnaniuliza ni kazi gani ya waya iliyonitoa jasho kuliko zote. Mnangoja niseme trela, au lile basi la shule lililokuwa likipiga honi lenyewe kila likikata kona ya kushoto. Nikisema ni injini ya boti mnaangua kicheko, maana Kyumbi haina maji hata ya kulowesha miguu ya bata. Chekeni. Mimi pia nilicheka siku ile.

Aliyeileta ni Mzee Nzioka, mvuvi wa kule chini bwawani, ukipita Mwala uendelee mpaka joto lianze kukuuma masikio. Alikuwa ameilaza juu ya matikiti ndani ya pikapu, ameifunika blanketi la kijivu, naye ameketi kando yake akiishikilia isibingirike. Nilidhani kuna mtu amezidiwa. Nikakimbia kusaidia, nikamsalimia kwa Kikamba.

"Wĩ mũseo, mzee? Mgonjwa ni nani?"

"Ni hii," akasema, akafunua blanketi.

Wauza mahindi ya kuchoma waliacha jiko wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama bahari sasa imefika Kyumbi. Mzee hakujali. Aliniambia, "Hii injini inavuta mzuri, si mambo ya mafuta. Inakataa kuchaji. Nimeambiwa wewe ni fundi ya stima ya gari."

"Ya gari, mzee. Sasa hii iko na gari wapi?"

"Stima ni stima," akasema.

Sasa sikilizeni shida yake, kwa sababu fundi asiyesikiliza shida ya mtu hutengeneza kitu kingine kabisa. Bwawa lile lilijazwa juu ya mashamba ya watu, na miti mingi ilibaki imesimama chini ya maji. Kiangazi kikikaza na maji yakishuka, vichwa vya ile miti hukaribia juu, na boti ikivipanda inapinduka. Kwa miaka mingi Mzee Nzioka alivikwepa kwa kutazama ng'ambo. Paa la kanisa likikaa sawa na kilima fulani, anajua akate kushoto. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alishamwambia hautaondoka. Paa la kanisa alikuwa halioni tena. Mara mbili alipanda kisiki, na mara ya pili alikuwa akivusha wanawake wawili na mbuzi wa kupeleka sokoni. Hakuna aliyeumia, ila yule mbuzi alikataa katakata kupanda boti tena hata kwa kusukumwa.

Kijana wake anayefanya kazi mbali akamnunulia mashine ndogo yenye kioo. Inapima kina cha maji, na kina kikipungua inalia kengele. Ukienda polepole inakuonya kabla hujapanda kisiki. Ni kitu kizuri sana kwa mtu asiyeona vizuri, maana kengele haihitaji macho. Taabu ni kwamba ilizimika kila safari, na ilizimika pale pale penye visiki.

Binti yake, Kavata, anayeuza nafaka Masii, alikuwa amechoka kukaa roho juu. Akamwambia baba yake kwamba atapanda boti siku moja aone kwa macho yake. Mashine ikiwaka mwanzo mpaka mwisho, sawa. Ikizimika, injini inauzwa, na mzee anabaki nyumbani na mbuzi. Simlaumu. Ningekuwa mimi ni yeye, ningeiuza hata kabla ya kuuliza.

Aliyenifundisha kazi, marehemu Mbithi, alikuwa mtu wa kasirani. Hakukuruhusu ushike waya kabla hujamtajia walaji wa stima. "Nani anakula hapa?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa gari lolote. Fundi mwenzangu mmoja aliwahi kumfungia mteja wa lori betri kubwa mara mbili ya ile ya zamani, na ikalala vile vile, kwa sababu chini ya kiti cha dereva kulikuwa na friji ya soda iliyowaka usiku kucha. Mbithi alimfanya akae ndani ya lile lori mchana kutwa akinywa soda za moto. Tangu hapo sote tulikuwa tukitaja walaji kwanza.

Basi nikamuuliza mzee walaji wake. Walikuwa watatu: mashine ya kina, taa ya mbele na redio. Taa ilikuwa ya lori, ile ya balbu inayochoma mkono, na peke yake ilikula kuliko wenzake wawili wakijumlishwa. Nikamwambia tutaitoa tuweke ya LED ya boda boda, inayoonja tu. Akakubali. Nikamwambia na redio pia tuiache nyumbani.

"Redio usiguse," akasema. "Hiyo inanisomea misa Jumapili nikiwa kwa maji."

Redio ikabaki.

Ilipofika wakati wa kupima, nikafunga injini kwenye ubao, nikashika kamba niivute. Mzee akapiga kelele mpaka nikadhani nyoka amenipanda mguuni. "Inataka maji! Bila maji unaua pampu!" Hilo liwekeni kichwani. Injini ya boti hujipoza kwa maji inayoyavuta kutoka chini, na ukiiwasha ikiwa kavu, mpira wa pampu yake unaungua upesi. Sisi watu wa nchi kavu tungeua injini za watu wengi kama zingekuwa zinaletwa huku.

Kwa hiyo tukatafuta pipa. Pipa lilikuwepo, maji hayakuwepo. Maji ya Kyumbi siku zile yaliletwa na mkokoteni wa punda kwa mitungi, na kila mtungi una mwenyewe anayeungoja. Nikanunua mkokoteni mzima. Tukajaza pipa, tukatumbukiza mguu wa injini, nikavuta kamba. Ikawaka vizuri kweli. Halafu pangaboi likashika maji na kuyamwaga yote nje, juu yangu, juu ya mzee, juu ya mahindi ya kuchoma.

Akina mama wa mtaa walitoka na mabeseni wakikimbia. "Fundi, wewe una wazimu? Maji unachezea hivi?" Mmoja aliingiza beseni chini ya mmwagiko huku injini ikinguruma, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mzee akatufundisha kutoa pangaboi wakati wa kupima, maana pampu inazungushwa na mtaimbo wa injini yenyewe na haihitaji pangaboi. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alikuwa anangoja kuona kama najua.

Mita ikanionyesha ugonjwa. Injini ikikimbia, voti zilipanda kupita kiasi, betri inachemka na kunuka yai bovu. Ikienda polepole, zilishuka mpaka betri ikawa ndiyo inayotoa na hakuna kinachoingia. Chini ya lile gurudumu zito la juu kuna sumaku, na chini ya sumaku kuna koili ya waya. Koili ile ilikuwa ndogo, na aliyefunga mambo kabla yangu alipitisha stima yake kwenye daiodi moja tu, hakuna regulata ya kuituliza. Inapokuwa nyingi inamwagika, inapokuwa kidogo haifiki. Na mtu anaenda polepole wapi? Penye visiki. Yaani mashine ilikosa chakula mahali pale pale mzee alipoihitaji.

Mchana tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa mama wa hoteli pale jirani, nguo zetu bado mbichi. Nikamwambia mzee kwa nia njema, "Mzee wangu, kwa nini usipumzike tu? Samaki utanunua."

Alimaliza kutafuna. Kisha akasema, "Samaki naweza kununua. Ile shamba iko chini ya maji ilikuwa yetu. Mama yangu amezikwa hapo. Maji ilikuja kabla tupange mambo ya kumhamisha. Kila wiki mimi napita hapo juu, nazima injini, nakaa naye kidogo. Hiyo kanisa ndiyo ilikuwa inanionyesha mahali. Sasa nikikosa mashine, sitajua yuko wapi."

"Kavata anajua?"

"Kavata anajua ya samaki."

Sikuweza kumaliza chakula. Mama yangu mimi amezikwa nyuma ya nyumba, na kuna wiki napita hapo bila hata kugeuza shingo. Nilirudi kwenye ile injini nikiwa mtu mwingine.

Lakini huruma haiongezi voti. Nilihangaika nayo mpaka nikakubali kwamba nimefika mwisho wa ninachojua. Alternata ya gari ni kubwa, ina tumbo la kutosha, nami nilizoea vitu vyenye tumbo. Hii koili ndogo ilitaka mtu aliyezoea kubana. Ndipo nikamkumbuka Mwende.

Mwende alikuwa na kibanda pale Masii, anafungia boda boda taa za rangi na spika za kutikisa matumbo ya watu. Siku za soko sisi wazee tulimlaani, kwa sababu boda zake zilikuja mpaka Kyumbi zikipiga muziki hata kwenye mazishi. Lakini jiulizeni swali la Mbithi. Pikipiki ina koili ndogo vile vile, na yeye aliilisha spika mbili, taa kumi na mbili na chaja ya simu bila betri kulala. Nikafunga injini blanketi lake, nikaenda.

"Sasa, fundi," akanisalimia. "Leo umeleta maiti?"

Nikamweleza. Alivuta gurudumu kwa pula, akalitoa, akainama juu ya koili akifuata waya zake kwa kidole. Kisha akacheka.

"Hii koili iko na miguu mbili. Huu moja wameufunga kwa bodi, kwa chuma ya injini yenyewe, na daiodi moja inapitisha stima ikienda, ikirudi inaikataa. Nusu yote inapotea bure. Kwa boda tunafungua huu mguu, tunautoa nje na waya yake, halafu zote mbili zinaingia kwa regulata. Inakula kwenda na kurudi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ni juu ya miziki. Watu walikuwa wanataka spika ya pili."

Andikeni haya mengine aliyonionyesha. Regulata za boda ziko aina mbili zenye sura moja. Moja inangoja koili iliyofungwa bodini, nyingine inataka miguu yote miwili iwe huru. Ukizichanganya utasikia harufu kabla hujaona moshi. Regulata ifungwe kwenye chuma, mahali upepo unapita, kwa maana ina joto, na ukiificha ndani ya sanduku itakufa. Usivue waya wa betri injini ikiwaka, maana stima ikikosa pa kwenda itaingia kwenye kioo cha mtu na kukichoma. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na mashine. Na ukirudisha gurudumu, futa sumaku vizuri, kwa sababu zinapenda kuokota vipande vya chuma ambavyo hukuviona.

Tulipima kwenye pipa tena, safari hii bila pangaboi, na wateja wa Mwende wakitupigia makofi. Injini ikienda pole kabisa, taa inawaka, redio inaimba, voti zimekaa kumi na tatu na kitu. Ikikimbia, regulata inazishika zisipande. Nilimpa Mwende mkono wa heshima, na tangu siku ile sikumsema tena habari ya kelele. Mazishini bado naona si vizuri.

Siku ya majaribio Kavata alitungoja ufuoni, mikono ameifunga kifuani. Alinisalimia kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake. Mimi sijui kuogelea. Nilivaa majaketi mawili ya kuelea, moja juu ya jingine, nikakaa katikati nimekumbatia sanduku la betri. Boti ilikuwa ya mbao, ndani imezungushiwa mabati. Niliyaona yale mabati na sikuyafikiria. Kichwa changu kilikuwa bado Masii kwenye pipa.

Tulitoka vizuri. Kioo kinawaka, namba zinabadilika, Kavata anazisoma moja moja kwa sauti. Kiboko alitoa masikio mbali kule, akatuangalia, akazama. Mzee alikuwa ameketi nyuma ameshika mkono wa injini, kidevu juu, anasikiliza. Tulipofika penye visiki akapunguza mwendo. Injini ikaanza kutetemeka kama zinavyotetemeka za zamani zikienda pole. Kioo kikazimika.

Kisha Kavata akasema taratibu, wala hakuwa na hasira, "Basi, baba. Umeona."

Mzee alizima injini akashika kasia. Hakunilaumu. Alitazama upande lilipokuwa kanisa, ambalo alikuwa halioni, na uso wake ulinitia uchungu ambao sitausahau.

"Kavata," nikasema, "niache niangalie waya moja tu."

"Fundi, tafadhali. Usimpe mzee matumaini ya bure."

"Waya moja."

Sasa niambieni, nyinyi wa magari, kwenye gari mnavuta waya ngapi kwenda kwa taa? Mmoja. Wa kurudi hamvuti, kwa maana bodi yote ni chuma na stima inarudi nayo. Tumezoea hivyo mpaka tunasahau kwamba kuna wa kurudi. Aliyefunga boti ile mwanzo alikuwa mtu wa malori kama mimi. Alipeleka waya mmoja kwa betri, na wa kurudi akaufunga kwa msumari kwenye yale mabati, mabati yanagusa kishikio cha injini, akahesabu kwamba amepata bodi. Injini ikikimbia inajikaza kwenye ubao na mabati yanashika. Ikienda pole inatetemeka, kutu inacheza, njia inakatika, na mashine, inayorudishia stima yake kwenye injini, inazimika. Nasi tuliitibu injini Kyumbi na Masii bila kuuliza boti imetengenezwa na nini.

Nilikuwa na waya mnene mfukoni, maana sitoki nyumbani bila waya. Nikaupitisha kutoka mwilini mwa injini mpaka kwenye betri yenyewe, nikaubana kwa boliti, nikaufunga njia nzima kwa vipande vya mpira wa tyubu. Boti ilikuwa inayumba, na Kavata alinishikia jaketi nyuma nisianguke. Mzee akavuta kamba.

Kioo kikawaka. Akapunguza mpaka mwisho kabisa, injini inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana, na kioo kimetulia. Kengele ikalia. Kavata akachungulia majini. Chini kidogo tu ya boti kulikuwa na kichwa cha mti, cheusi, kipana.

"Huo ni mukau," mzee akasema. "Baba yangu alikuwa anafunga ng'ombe hapo."

Kavata akageuka kumtazama. "Ng'ombe gani, baba?"

Mzee akatuongoza hivyo hivyo, kengele kwa kengele. Mukau wa ng'ombe. Halafu mti wa mlangoni. Halafu mkuyu wa kando ya mto. Kati ya mti wa mlangoni na mkuyu akasema, "Ni hapa," akazima injini, akavua kofia. Akamweleza binti yake kwa Kikamba, pole pole, mambo ambayo hakuwahi kumwambia miaka yote. Mimi nilitazama upande mwingine. Kwenye boti ndogo hakuna pa kwenda, na masikio hayafungiki.

Kavata alilia bila sauti. Kisha akajifuta kwa leso na kuniuliza kama ile mashine inaweza kukumbuka mahali. Nikamwambia inaweza, bonyeza hapa, weka alama, andika jina. Alibonyeza kwa muda mrefu, kidole kimoja.

"Umeandika nini?" mzee akauliza.

"Nimeandika Susu."

Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi. Mzee alipapasa kile kioo kwa kiganja, akauacha mkono wake hapo.

Injini haikuuzwa. Macho ya mzee yamekwisha kabisa sasa, na Kavata ndiye anayeendesha, Jumapili, na baba yake ameketi mbele na redio mapajani. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema betri imezeeka. Nikamwambia anunue nyingine ya kipimo kile kile na asiguse waya mwingine wowote. Nikauliza habari za mzee. Akasema hajambo, na kwamba siku hizi kengele ikianza kulia pale kwenye mti wa mlangoni, anavua kofia kabla yeye hajasema kitu.

Kwa hiyo mteja akiwaletea kitu cha kuchaji, msikimbilie kukanyaga mafuta mpaka mwisho mseme kinachaji. Muulizeni kwanza huwa anapunguzia mwendo wapi, na mpime hapo.